Nimewatungia Wasomi Desturi, Sasa Wananiita Ukumbini

Mpendwa mshauri, nakuomba unijibu kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana siku hiyo natakiwa kwenda chuo kikuu nikiwa na birika, kikombe cha marehemu mke wangu na chungu cha maua, nikasimame mbele ya maprofesa niwaoneshe desturi ya ukoo wetu, na desturi yenyewe, mshauri, haipo, niliitunga mimi kwa kuona haya, na sasa imekua hata sijui niishike wapi.

Mimi ni mwokaji mikate mstaafu. Nilifanya kazi kiwandani tangu ujana wangu, zamu ya alfajiri, kwa hiyo mchana nilikuwa nimesharudi nyumbani, na mke wangu alikuwa muuguzi wa zahanati, akirudi jioni miguu imevimba, hivyo chai ya jioni ikawa kazi yangu. Yeye alikuwa anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anavua viatu, anapokea kikombe chake kilichomeguka kidogo ukingoni, ambacho hakutaka kabisa kibadilishwe, kisha ananiambia, "Mwenzangu, hakuna mtu anayepika chai kama wewe." Nikienda jikoni kukata mkate, nikirudi nakuta kikombe kitupu. Nilifurahi miaka yote ile. Nilidhani nimeoa mwanamke anayependa chai.

Kwenye dirisha hilo pana mmea wenye majani mapana, jina lake hatukulijua kamwe, alipewa na mgonjwa mmoja aliyepona. Ulistawi ajabu. Pana pia sisimizi, miaka nenda miaka rudi, wanapanda ukuta kutoka barabarani mpaka ghorofani kwetu kama watu wanaowahi zamu, nami nilimwaga majivu, nikapaka mafuta ya taa, na siku moja nikaziba nyufa kwa unga uliokandwa, jambo ambalo waliliona kama karamu. Mke wangu alinizuia siku zote. "Waache, mwenzangu, nao wanatafuta riziki." Nikajua ana huruma.

Alipofariki, watoto walikuja, tukazika, wakarudi mbali wanakofanya kazi, na Jumapili wananipigia simu wakiniuliza kama nimekula. Basi siku moja nikasema niusogeze ule mmea upate mwanga, nikayainua majani, nikaona udongo. Ulikuwa mweusi, unanata, umejaa machicha ya chai tabaka juu ya tabaka, na juu yake ukoko wa sukari unang'aa kama andazi lililopakwa shira. Nikakaa kwenye kiti chake. Mkono wangu wa sukari, mshauri, ni mkono wa kiwandani, umezoea magunia, na kumbe ndoa nzima mwanamke yule hakuweza kuinywa chai yangu na hakuweza kuniambia. Nililia na kucheka pamoja, sijui kipi kilitangulia. Tangu siku ile napika chai ya watu wawili kama zamani, yangu nakunywa, yake naiacha ipoe kidogo, halafu naimwaga kwenye mmea, kwa kuwa ndiko ilikokuwa ikienda siku zote. Sikuwa na maana nyingine yoyote.

Sasa, jirani yangu wa chini, fundi cherehani, mama mwenye moyo mzuri na mdomo usio na kufuli, aliniletea binti mmoja kutoka chuo kikuu, anayefanya utafiti kuhusu jinsi watu wanavyowakumbuka marehemu wao. Nikamkaribisha, nikammiminia chai, na kwa mazoea nikamwaga ile ya mke wangu.

"Samahani, babu," akasema, "hicho ulichofanya ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho. Umemwaga chai kwenye maua."

Hapo ndipo ningesema ukweli, lakini ukweli ulikuwa ni kumwambia mgeni, kikombe kiko mkononi mwake, kwamba mke wangu alikuwa anaitupa chai hiyohiyo. Nikaona haya. Nikasema ni desturi.

"Desturi ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Ina jina?"

Nikatazama huku na huku, nikaona dirisha. "Tunaiita kunywesha dirisha," nikasema.

Laiti ungeuona uso wake. Maskini alikuwa amezunguka mitaa yote viatu vimeisha kisigino, na kila nyumba walimwambia wanawakumbuka marehemu kwa picha ukutani, na msimamizi wake alikuwa amemwambia kwamba kwa picha za ukutani hakuna shahada atakayoipata. Akaandika haraka hata kalamu ikatoboa karatasi. Akaniuliza kama na baba yangu alikuwa akinywesha dirisha. Nyumba ya baba yangu haikuwa na dirisha la maana, lilikuwa tundu la kupitishia moshi, lakini niliitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata akaja tena, na iliyofuata, na mimi, mshauri, nikaanza kumngojea. Nilikuwa nafagia, nanunua biskuti, navaa shati lenye kola. Alikuwa ananiuliza habari za mke wangu, na hakuna mtu mwingine anayeniuliza, watu wakinipa pole wanakimbilia kuzungumzia mvua. Lakini kila nilipokosa jipya la kumwambia nilimwona anainamisha kichwa, kwa hiyo nikawa naongeza kidogo kidogo. Nikasema kabla ya kumwaga ni lazima ukizungushe kikombe. Hilo nililitoa kiwandani, tulikuwa tunazungusha trei za mikate ili upande mmoja usiungue. Yeye akaandika kwamba mzunguko ule unafuata njia ya jua. Nikaona ni maneno mazuri, nikakubali.

Baada ya hapo akaja Bwana Dodoso. Jina lake la kweli aliniambia nikalisahau, lakini anatembea na rundo la madodoso kwapani na haulizi swali bila kukupa majibu ya kuchagua. "Mzee, kwa kipimo cha moja hadi tano, ambapo moja ni sikubaliani kabisa na tano ni nakubaliana sana, unasemaje kuhusu kauli hii: kunywesha dirisha kumenisaidia kuupokea msiba." Nikasema nne, kwa sababu tano niliona ni majivuno. Akateremka kwa majirani kujua ni wangapi wanaofanya hivyo. Nikasema moyoni, hapo ndipo mwisho wangu, atakuta hakuna hata mmoja.

Mshauri, alikuta karibu mtaa mzima.

Fundi cherehani alinifuata mpaka mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Mkate, yaani wewe unakaa na mila peke yako huko juu kama umeinunua? Mimi nimeulizwa na mtu wa chuo nibaki natoa macho?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hata bibi yangu alikuwa akinywesha. Sisi tunatumia uji."

"Uji?"

"Sisi ukoo wetu ni uji. Na maua yangu yamekufa juzi, nikamwambia hiyo ni ishara. Akaniandikia kisanduku chake peke yake."

Muuza mkaa naye ana kopo lake, mwenye duka la vipuri amepanda mchicha kwenye tairi na anaunywesha soda kwa heshima ya baba mkwe, ambaye, nijuavyo mimi, yuko hai na anacheza bao kila siku. Bwana Dodoso amechora mchoro wa vidole virefu na vifupi kuonesha jinsi desturi yetu ilivyoenea, na kile kirefu kuliko vyote ni mtaa wetu.

Wa tatu ni Daktari wa Sisimizi, msomi wa wadudu kutoka chuo hichohicho. Huyu hana habari na msiba. Aliingia bila kunitazama, akapiga magoti dirishani na kioo cha kukuzia, akakaa hivyo mpaka nikadhani amepatwa na kitu. Aliposimama alinishika mkono. "Mzee, sisimizi hawa hawajengi ghorofani. Hawajengi kabisa. Unawapa nini?" Nikamwambia chai. Akaniambia niache kuimwaga kwa muda ili aone watakavyofanya, na kwamba baadaye atakimwaga chungu chote kwenye beseni huko maabara awahesabu. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu, mshauri, ni kiwepesi sana.

Wiki jana wote watatu wakakutana sebuleni kwangu.

"Huwezi kumzuia," binti akasema. "Ukimzuia unaingilia mila ya watu."

"Na asipozuiwa nitajuaje kama ni chai au ni joto la ukuta?" Daktari akajibu, yuko bado chini ya dirisha, tunasikia sauti tu. "Wewe mwenzangu unaandika hadithi. Mimi nataka kipimo."

"Hadithi? Wewe umehesabu miguu ya wadudu mwaka mzima."

"Ni sita. Hiyo angalau tuna hakika nayo."

"Jamani, tusigombane," Bwana Dodoso akasema, akitoa kalamu. "Kila mmoja aseme kwa kipimo cha moja hadi tano amekasirika kiasi gani."

Nikakimbilia jikoni kukata mkate. Wale wawili wakaondoka wakibishana kwenye ngazi, binti akabaki. Kabati langu lina milango ya vioo, na ukiwa jikoni unaliona dirisha lote humo. Nikamwona binti anatazama nyuma, anakinyanyua kikombe chake, chake yeye, si cha mke wangu, anakiinamisha taratibu kwenye mmea mpaka tone la mwisho, halafu anafuta ukingo kwa kidole. Mkono ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyezoea. Nikarudi nyuma nikakata vipande ambavyo hakuna mtu angevila, ili amalize kwa amani. Nilipotoka akanipa kikombe kitupu, akatabasamu, akasema, "Babu, hakuna mtu anayepika chai kama wewe."

Nikakaa kwenye kiti cha mke wangu.

Ndipo akaniambia habari za Alhamisi. Anatetea tasnifu yake, yaani maprofesa watamkalia mbele wamhoji, na msimamizi wake amesema kwa maisha yake yote hajawahi kukutana na desturi ya namna hii. Nikamwambia namwamini. Basi wanataka niende nilinyweshe dirisha mbele yao, ukumbi una madirisha makubwa, gari litanifuata. Nikisema ukweli, nitakuwa nimeivunja kazi ya binti ambaye hakunikosea kitu, na hatakuja tena, na chai ya pili nitaipika kwa ajili ya nani. Nisiposema, nitasimama kwa watu na kikombe cha mke wangu mkononi, nikimzungushia uongo yeye ambaye hata alipodanganya alikuwa ananisitiri. Nifanye nini?

Ni mimi, Baba Mkate, wa ghorofa ya pili.

JIBU

Baba Mkate, pole kwa kuondokewa na mwenzako. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili sikucheka. Sasa kaa kwenye kiti nikuseme.

Hukuwa na nia mbaya, hilo linaonekana tangu mstari wa kwanza. Lakini mzee wangu, mtu akiulizwa jina la desturi akatazama huku na huku chumbani kulitafuta, hapo ndipo pa kusema, "Binti yangu, nimekosea, tuanze upya." Wewe ukaangukia dirisha. Ungeangukia kabati, leo mtaa mzima ungekuwa unanywesha makabati. Na usijifiche nyuma ya huruma kwa binti. Ulimhurumia mara ya kwanza tu. Zile mara nyingine zote ulitaka arudi. Si dhambi kutaka mtu arudi, lakini ungemwambia tu, "Njoo tena, napenda ukija," ambayo ni kweli, ingetosha, na haihitaji kuzungusha kikombe.

Wasomi wako nao si wajinga, nisikusikie unawacheka huko kibarazani. Mtu anayeuliza anaweza kufika pale tu anapofikishwa na anayejibu, na wewe ulimpeleka porini ukiwa na shati lenye kola. Ila huyo binti nina neno naye, nawe utamsomea ukishamweleza yote. Mwanangu, umekaa jioni baada ya jioni ukichunguza chungu ambacho wewe mwenyewe ulikuwa unakimiminia kwa siri. Yule Daktari anayepima sisimizi kwa chai ya mtu mmoja, kumbe ni ya wawili, akijua atakaa chini alie. Ungesema tu, "Babu, sukari imezidi," siku ile ya kwanza, tasnifu yako ingekuwa na uso mwingine. Kwa hiyo mmedanganyana, na mmedanganyana kwa adabu, na aliyenufaika ni mmea.

Sasa fanya hivi. Usingoje Alhamisi. Mpigie kesho, mwambie aje peke yake. Pika chai kama unavyopika siku zote, usibadilishe kitu, mpe kikombe, lakini safari hii usiende jikoni. Kaa. Akianza kuhangaika na macho yake, mwambie, "Imwage, binti yangu, mke wangu naye alikuwa anaimwaga hapo hapo." Halafu mweleze yote, ukoko wa sukari, majivu, unga kwenye nyufa, na alivyokuwa anawatetea sisimizi. Mwambie jina la kunywesha dirisha ni lako na trei ni za kiwandani.

Atalia. Mwache alie, ana sababu. Usimliwaze kwa kumtungia kitu kingine, nakujua. Kisha aende kwa msimamizi wake mwenyewe, kwa miguu yake, akaseme. Huenda Alhamisi ikaahirishwa, huenda akaandika upya sura nyingi, na hiyo haitakuwa siku ya kufurahisha kwa yeyote. Ni heri iwe hivyo kuliko kupewa shahada juu ya kikombe chako halafu aishi akiogopa kila mpishi wa mikate anayeingia ukumbini. Na hatabaki mikono mitupu. Ana mtaa mzima ulioapa kwamba umerithi kutoka kwa mabibi jambo lililozaliwa mwaka huu ghorofa ya pili. Ameliona likizaliwa, ana majina, ana uji, ana mchoro wa Bwana Dodoso. Mimi si profesa, lakini hilo ningelisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Fundi cherehani mwambie ukweli wewe mwenyewe, kwa upole, na ujiandae, maana atakuambia alijua tangu mwanzo. Kama anataka kuendelea, atumie maji. Mwenye duka la vipuri amwombe radhi baba mkwe wake. Bwana Dodoso akija na kipimo cha moja hadi tano kujua unajisikiaje, mwambie hujui, kisha umwangalie anavyotafuta kisanduku. Na yule Daktari apige magoti dirishani kwako muda wowote anaotaka, lakini chungu hakiendi maabara wala hakimwagwi kwenye beseni. Mwenye chungu alishatoa uamuzi kuhusu wale sisimizi: waachwe.

Umeniuliza chai ya pili utampikia nani. Mzee wangu, mtu anayeimwaga chai yako kwa siri ili asikuvunje moyo, halafu anarudi wiki inayofuata kuimwaga tena, hakuwa anaifuata desturi. Usingetunga chochote angekuja. Mkishamaliza kulia, weka bakuli la sukari mezani, kila mtu ajitilie mwenyewe, na uone atakavyokunywa.

Kikombe cha mkeo tu usikipunguzie sukari. Sisimizi wamezoea.